Mtoto wa kulea asipokelewe kimya kimya



Ukurasa huu wa afya huzungumza juu ya maji safi, vyoo, malaria na chakula bora. Leo nataka tuzungumze juu ya mtoto anayehamia nyumba nyingine. Wengine watasema hilo ni jambo la ukoo, si jambo la afya. Mimi nasema ni jambo la afya, tena kubwa.

Watu wa Mlowo na vijiji vya Mbozi wana moyo wa kupokea watoto. Mama akifa, watoto wake hawalali nje. Matanga yakiisha, ndugu hukaa kikao na kugawana watoto. Huyu anakwenda kwa shangazi yake Vwawa. Yule anakwenda kwa baba mdogo Tunduma. Mdogo wao anabaki kwa bibi. Kesho yake kila mtoto anapanda gari na mfuko wake wa nguo. Ofisi ya kijiji haijaambiwa. Zahanati haijaambiwa. Shule anakotoka inamwandika mtoro.

Moyo huo ni mzuri. Lakini namna hiyo ya kupokea mtoto ina hatari. Maoni yangu ni haya: mtoto wa kulea apokelewe, na apokelewe waziwazi. Kijiji kijue. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ijue. Zahanati ijue. Shule ijue.

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati. Zamani kazi kama hii iliitwa mganga msaidizi vijijini, na wazee wengine bado wanatuita hivyo. Nimesomea cheti, na umri wangu haujafika miaka 30. Wengi mnaosoma hapa mlilea watoto kabla mimi sijazaliwa. Sitaki kuwafundisha kulea. Nataka kuwaambia yale tunayoyaona zahanati, ili nanyi mseme mnaonaje.

Malezi ya kambo ni nini?

Tuanze na maneno, maana maneno yakieleweka kazi inakuwa nyepesi. Nchi yetu ina Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009. Sheria hiyo inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 naye ni mtoto, hata kama ana ndevu.

Mtoto asiyeweza kukaa na wazazi wake anaweza kulelewa kwa njia mbalimbali.

Njia ya kwanza ni kulelewa na ndugu. Bibi, mjomba, shangazi, mama mkubwa au kaka anamchukua. Hii ndiyo njia ya wengi.

Njia ya pili ni malezi ya kambo. Mtu ambaye si mzazi wa mtoto anapewa mtoto amlee kwa muda. Ofisi ya Ustawi wa Jamii inamchunguza kwanza, kisha inaendelea kumtembelea. Mtoto anabaki na jina lake na ukoo wake. Wazazi wake wakipatikana, au hali yao ikitengemaa, anaweza kurudi kwao.

Njia ya tatu ni kuasili. Hapa mtoto anakuwa wako kabisa kwa sheria, kama uliyemzaa. Jambo hili huamuliwa na Mahakama Kuu.

Pia kuna familia za kuaminika. Hizi ni familia zilizochunguzwa mapema. Mtoto akiokotwa leo usiku, au akiondolewa mahali anapoteswa, familia hiyo inamhifadhi kwa muda mfupi mpaka ofisi ijue la kufanya.

Najua neno "kambo" halipendwi. Mtu akisikia "malezi ya kambo" anamkumbuka mama wa kambo wa kwenye hadithi, yule anayemnyima mtoto chakula na kumtuma kuni usiku. Mama mmoja aliniambia, "Daktari, mimi nampenda mtoto huyu, usiniite wa kambo." Nilimwelewa. Lakini neno hilo ndilo linalotumika ofisini, basi tusiliogope. Ubaya wa mlezi hauko katika jina. Uko katika matendo yake.

Kwa nini nyumba, si makao?

Wako wanaosema: kama mtoto hana mtu, apelekwe makao ya watoto. Huko watamlisha na kumsomesha. Makao yana kazi yake, na wako watu wema wanaofanya kazi humo. Lakini makao yawe njia ya mwisho. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo juu ya watoto wasio na malezi ya wazazi. Mwongozo huo unasema mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka 3, alelewe katika familia.

Sababu yake ni ya kiafya. Sikilizeni habari ya nchi moja ya Ulaya iitwayo Romania. Serikali yake ya zamani ilijaza watoto wengi sana katika nyumba kubwa za malezi. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1989, dunia iliwaona watoto hao. Kuanzia mwaka 2000 wataalamu walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika nyumba hizo mjini Bucharest. Nusu yao walipelekwa kwa familia za walezi. Nusu walibaki katika utaratibu wa kawaida wa nchi ile.

Miaka ilipopita, tofauti ilionekana. Waliokwenda kwenye familia walikua vizuri zaidi mwili, akili na maneno. Waliowahi kuhamia kabla ya kufika miaka 2 ndio waliofaidika zaidi. Katika zile nyumba kubwa watoto walipata chakula na paa. Walichokosa ni mtu mmoja wa kumjua mtoto mmoja: anayejua kilio chake, anayembeba, anayemjibu. Mtoto mchanga asipopata mtu wa namna hiyo, ubongo wake haukui inavyotakiwa.

Tusiende mbali. Jirani zetu Rwanda walianza mwaka 2013 mpango wa kuwatoa watoto katika vituo na kuwapeleka kwenye familia. Walezi wao wanaitwa Malayika Murinzi, yaani malaika mlinzi. Hilo ni jina zuri kuliko letu la kambo.

Basi nyumba ya udongo yenye bibi anayempenda mtoto inaweza kuwa bora kuliko jengo la vigae lisilo na mtu wake. Hapo wazee wetu walikuwa sawa tangu zamani. Mkono mmoja haulei mwana.

Kwa nini sisi wa Mlowo?

Mlowo si kijiji cha zamani ambako kila mtu alimjua babu wa kila mtu. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapa. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inapita hapa. Njia ya kwenda Kamsamba inaanzia hapa. Tunduma iko mbele yetu, na malori yanapanga foleni mpakani. Wakati wa mavuno ya kahawa na mahindi watu wanakuja kutoka kila upande kutafuta kazi na biashara.

Hayo yote yanaleta fedha. Pia yanaleta watoto wasio na mtu. Msichana anapata mimba na mwanamume haonekani tena. Mama anakwenda kufanya biashara mpakani na harudi. Kijana wa miaka 13 anashuka stendi kutafuta kibarua. Mtoto mchanga anaachwa. Watoto hawa hawana shangazi wa karibu wa kuitwa katika kikao cha matanga.

Kisha kuna UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Baadaye ugonjwa ulifuata barabara na miji ya biashara, na nyanda zetu za juu kusini ziliumia sana. Mabibi wengi walizika watoto wao na kuanza kulea upya. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zimekuwa zikitolewa bure nchini, na leo wazazi wengi wanaishi na kulea watoto wao wenyewe. Tushukuru kwa hilo. Lakini yatima wapo bado, na wengine wanaishi na virusi.

Hasara ya kupokea kimya kimya

Hasara ya kwanza ni dawa kukatika. Nitawaeleza niliyoyaona. Msichana wa kama miaka 9 aliletwa zahanati na mama yake mkubwa. Alikuwa anakohoa na amekonda. Mama mkubwa alimchukua baada ya msiba, miezi miwili nyuma. Alikuwa mlezi mzuri. Alimnunulia sare na viatu. Nilimwomba kadi za mtoto, hakuwa nazo. Tulipouliza kwa simu kule alikotoka, tukaambiwa mtoto alikuwa kliniki ya CTC na alikuwa akimeza dawa kila siku. Aliyejua ni marehemu mama yake na bibi tu. Bibi aliona aibu kusema mbele ya kikao. Kadi ilibaki chini ya godoro la marehemu. Mtoto alikaa miezi miwili bila dawa, na hakuna hata mtu mmoja katika nyumba ile aliyekuwa na nia mbaya.

Dawa zikikatika, virusi hupata nguvu tena. Vinaweza hata kuizoea dawa, na dawa hiyo isifanye kazi tena. Kwa mtoto huyo, mfuko wa nguo ulihama na uhai wake ukasahaulika.

Hasara ya pili ni chanjo. Mtoto anapata chanjo akizaliwa, kisha akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya surua na rubela anapata akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Mtoto anayehama katikati bila kadi hurukwa. Mlezi mpya anadhani alichanjwa. Zahanati ya zamani inadhani amechanjwa kwingine. Surua haidhani. Surua inamkuta.

Hasara ya tatu ni chakula. Nchini kwetu, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Hii ni kwa watoto wote, wenye wazazi na wasio nao. Mtoto mgeni katika nyumba yenye watoto sita yuko hatarini zaidi, kwa sababu anaogopa kuomba. Anakula polepole, anaona haya, na sahani inakwisha.

Hasara ya nne ndiyo inayoniuma zaidi. Mtoto asiyejulikana na mtu ni rahisi kumgeuza mtumishi. Anaitwa "mtoto wa ndugu yangu", lakini anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na siku ya shule yuko shambani anachuma kahawa. Msichana yuko katika hatari nyingine pia, ya kuingiliwa na mtu wa nyumba ile ile. Nani atajua, kama hakuna aliyejua kwamba mtoto huyo yupo?

Wasemayo watu

Nimezungumza na watu wengi juu ya jambo hili. Sababu zao za kukaa kimya ni tatu, na kila moja inastahili jibu.

Wa kwanza anasema: "Wazee wetu walilea bila karatasi." Ni kweli. Lakini wazee wetu walikuwa na macho ya kijiji. Ukimpiga mtoto wa marehemu, mjomba wake alisikia kabla jua halijazama. Leo mjomba yuko mbali na jirani yako amehamia juzi. Karatasi haiji kuchukua nafasi ya ukoo. Inakuja kushika nafasi ya yale macho.

Wa pili anasema: "Nikienda ofisini nitanyang'anywa mtoto." Hofu hii naielewa. Lakini kazi ya ofisi si kuvunja nyumba nzuri. Afisa Ustawi wa Jamii huja kutazama mtoto analala wapi, anakula nini na anasoma wapi. Humsikiliza na mtoto mwenyewe. Ofisi ikimtambua mlezi, mlezi ndiye anayelindwa. Kesho akitokea mtu kusema, "Umemwiba mtoto huyu," una mahali pa kusimama.

Wa tatu anasema: "Mimi ni maskini, watanikataa." Ndugu yangu, hakuna anayetafuta nyumba ya bati na televisheni. Kinachotafutwa ni mtu mwenye tabia njema, mwenye afya ya kutosha kulea, asiye mlevi, asiye na ukatili, na mwenye nia ya kukaa na mtoto. Mwenye nyumba ya nyasi na sifa hizo anamzidi mwenye gorofa asiye nazo.

Hata hivyo nasema na upande wa serikali. Mwananchi akifunga safari kwenda ofisini, asiambiwe njoo kesho mara nne. Nauli yake ni mahindi yake. Afisa akishamtambua mlezi, aje kumtembelea kweli, si kuandika kwamba alikuja. Watu wakiona faida ya kusema, watasema. Wakiona usumbufu, watarudi kwenye kimya chao.

Ukimpokea mtoto, fanya hivi

Siku ya kwanza. Kabla mtoto hajaondoka nyumba ya msiba, uliza vitu vitatu: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na dawa anazotumia. Uliza faraghani, si mbele ya kikao. Muulize bibi peke yake. Ukiona vidonge, usivitupe. Vichukue pamoja na kopo lake.

Wiki ya kwanza. Nenda kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji au mtaa wako. Waambie: nimempokea mtoto fulani, anatoka mahali fulani, kwa sababu fulani. Wakuandikie. Kisha nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Kwa sisi wa Mbozi, makao ya Halmashauri yako Vwawa. Kama mtoto si wa ukoo wako, usikae naye hata siku chache bila kutoa taarifa. Mtoto aliyeokotwa si mali ya aliyemwokota. Huenda mama yake anamtafuta.

Wiki hiyo hiyo mlete zahanati, hata kama anaonekana mzima. Tutampima uzito na urefu. Aliye na umri wa miezi 6 hadi miaka 5 tutampima mkono kwa utepe. Mkono ukiwa chini ya sentimita 11 na nusu, au miguu yote miwili ikivimba, huo ni utapiamlo mkali na anahitaji matibabu mara moja. Tutakamilisha chanjo zake. Atapata matone ya vitamini A na dawa za minyoo kwa umri wake. Tutawashauri juu ya kupima virusi vya UKIMWI. Sera ya afya inasema watoto wa chini ya miaka 5 watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Mwenye umri huo asiyesajiliwa anaweza kupata cheti cha kuzaliwa bila malipo. Mpango huo ulianza katika Mkoa wa Mbeya mwaka 2013, wakati Mlowo ilikuwa bado ndani ya mkoa huo, kabla Songwe haijawa mkoa mwaka 2016.

Kama ni mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 na mama yake amefariki, usianze kumpa uji wala maji ya sukari. Mlete siku ile ile. Tutakueleza maziwa gani yanafaa, kiasi gani, na namna ya kumnywesha kwa kikombe safi. Chupa ni ngumu kusafisha na huleta kuhara.

Kisha shule. Mwombee uhamisho. Tangu mwaka 2016 hakuna ada katika shule za msingi za serikali wala sekondari mpaka kidato cha nne. Hapo tena hakuna sababu ya kumweka nyumbani.

Msichanganye mambo mawili. Kumpokea mtoto si siri. Ugonjwa wa mtoto ni siri. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mgonjwa. Anayempa mtoto dawa kila siku anahitaji kujua. Jirani hahitaji. Watoto wa nyumba hawahitaji kutangaziwa.

Ndani ya nyumba

Mtoto aliyefiwa au kuachwa anaumwa, hata kama hana homa. Anaweza kukojoa kitandani akiwa na miaka 8. Anaweza kuficha kipande cha ugali chini ya mto. Anaweza kunyamaza wiki nzima, au kupigana na kila mtu. Watu husema ana kiburi. Mimi nasema ana huzuni na hofu. Fimbo haiponyi huzuni. Mwambie ukweli juu ya mama yake kwa maneno anayoyaweza. Mwache alie. Mwite kwa jina lake. Mpe mahali pake pa kulala na sahani yake.

Mpe kazi, ndiyo, kama watoto wako. Kama wako wanachota maji ndoo moja, naye achote ndoo moja. Sheria ya Mtoto inampa haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, na pia kucheza na kupumzika. Kipimo rahisi ni hiki: mgeni akiingia nyumbani kwako saa za jioni, je, anaweza kumtambua mtoto wa kulea kwa kumtazama tu? Kama anaweza, rekebisha.

Kijana wa miaka 14 mpaka 17 ni mgumu zaidi kumpokea, na ndiye anayekataliwa zaidi. Huyu usimlee kama mtoto mchanga. Kaa naye, mweleze taratibu za nyumba, na msikilize anataka kuwa nani. Msichana usiharakishe kumwoza ili kupunguza mzigo. Mvulana usimwachie barabara imlee.

Kama mtoto ameingiliwa kimwili, na nyumba yoyote iwe imehusika, mlete kituo cha afya mara moja, kabla ya kuoga na kufua nguo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa ndani ya saa 72 tu, na mapema ndiyo bora. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga simu namba 116, ambayo ni bure. Kumaliza jambo hilo kwa mbuzi au fedha kati ya wazee ni kumwumiza mtoto mara ya pili.

Na jambo la mwisho la nyumbani ni mali. Miti ya kahawa ya marehemu ina wenyewe. Sheria inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Nimeona ndugu wakigombea shamba na kusukumiana mtoto. Mwenye kuchukua shamba la marehemu huku akimkataa mtoto wa marehemu si mrithi. Ni mwizi.

Kijiji kifanye nini?

Napendekeza mambo mawili kwa mikutano yetu ya vijiji na mitaa. Jambo la kwanza: kila mkutano mkuu uwe na ajenda ya watoto waliohamia na watoto waliohama. Si kuwataja magonjwa yao, bali kujua wapo na nani anawalea. Jambo la pili: kata iwe na familia chache zilizojitolea na kuchunguzwa mapema na Ofisi ya Ustawi wa Jamii, ili mtoto akiokotwa stendi usiku tusianze kuulizana. Tunaweka akiba ya mahindi kabla ya njaa. Tuweke na familia tayari kabla ya mtoto kuachwa.

Na tuwasaidie mabibi. Bibi wa miaka 70 mwenye wajukuu wanne ni mlezi, lakini pia ni mtu anayeumwa mgongo. Vijana wa jirani wamlimie. Akina mama wamsindikize kliniki. Kusema kwamba "bibi yupo" na kuondoka si kulea. Ni kumtupia mzigo.

Mwaka 1973 wazazi na babu zetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakatoka wakachimba vyoo. Hawakungoja mtu wa mjini aje kuchimba. Jambo hili la watoto nalo linataka watu wakae, wazungumze, kisha watoke wafanye. Mtoto aliyepo katika nyumba yako leo anaweza kuwa mwalimu wa wajukuu zako. Mpokee. Na ukimpokea, sema.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji au mtaa wenu, ni watoto wangapi wanalelewa na watu wasio wazazi wao? Ni nani anayewajua wote?

2. Kati ya watoto hao, ni wangapi wana kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa?

3. Kwa nini watu wa kwenu hawapendi kwenda Ofisi ya Ustawi wa Jamii? Ni lipi linaloweza kurekebishwa na wananchi, na lipi na ofisi?

4. Kama mtoto angeokotwa leo usiku stendi ya Mlowo, angelala nyumba ya nani?